Namna ya kusoma mwaka wa kutengenezwa kwa kisu kutoka kwenye chapa yake

Kisu cha zamani kikifika mkononi mwa mtu, swali la kwanza linalomjia ni la umri wake, na mara nyingi jibu limekwisha kuandikwa kwenye chuma chenyewe, kwa herufi ndogo kiasi kwamba jicho lisilojua pa kutazama hulipita. Watengenezaji hawakuwa na desturi moja. Wapo waliopiga mwaka mzima kwa tarakimu nne, wapo waliotosheka na tarakimu mbili, wapo waliohesabu miaka kwa nukta, wapo waliotumia alama ambazo bila jedwali hazisomeki, na walio wengi hawakuandika mwaka kabisa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzipata alama hizo na kuzisoma, na pia namna ya kutofautisha mwaka ambao kisu kilitengenezwa na miaka mingine iliyoandikwa juu yake kwa sababu nyingine kabisa. Jambo hili la mwisho ndilo linalowapoteza watu wengi, kwa hiyo nitalikalia kwa muda mrefu zaidi.

Pa kutazama

Anza na msuka, yaani ile sehemu ya chini ya bapa isiyo na makali inayoingia kwenye mpini. Katika kisu cha kukunja, msuka ni kile kipande kifupi kinachozunguka kwenye ribiti, na sehemu yake huonekana pindi kisu kinapofunguliwa. Geuza kisu uutazame msuka pande zote mbili, kwa maana jina la kampuni huweza kuwa upande mmoja na namba ya modeli upande wa pili. Kisu kikiwa na bapa zaidi ya moja, zifungue zote, moja baada ya nyingine. Baada ya hapo tazama mgongo wa bapa, kisha kikingamkono kama kipo, kisha upande wa ndani wa mpini, na mwisho ala, kwa kuwa ala za kijeshi nazo hupigwa chapa na mwaka wake si lazima ulingane na wa kisu kilichomo.

Chapa ikiwa imefunikwa na uchafu au kutu, tia tone moja la mafuta ya cherehani, uliache lilale usiku mzima, kisha usugue kwa mswaki mkuukuu na kijiti cha kuchokolea meno. Rudia siku mbili au tatu ikibidi. Usitumie msasa, wala brashi ya waya, wala siki, wala ndimu. Chapa haina kina kirefu, ni sehemu ndogo tu ya milimita, na mtu anayepitisha msasa kwa dakika moja ili chuma king'ae anaweza kufuta ushahidi pekee uliokuwapo. Nimeona msuka mmoja ambao fundi wa kunoa aliupitishia jiwe la mashine kwa nia njema kabisa, na kilichobaki ni nusu ya juu ya herufi mbili.

Mwanga una kazi kubwa kuliko lenzi. Zima taa ya juu, washa tochi ya simu, na uilaze pembeni ya kisu ili mwanga upite juu ya chuma kama jua la machweo linavyopita juu ya matuta ya shamba. Kila shimo la herufi litatupa kivuli chake, na tarakimu ambayo mchana haikuonekana itajitokeza. Zungusha kisu taratibu, huku makali yakiwa yametazama mbali nawe, kwa sababu kuna mistari inayoonekana kwa mwanga wa kushoto tu na mingine kwa mwanga wa kulia tu. Ikiwa bado husomi, weka karatasi nyembamba juu ya msuka na upake penseli laini juu yake. Umbo la chapa litahamia kwenye karatasi, nawe utaweza kulitazama kwa nafasi.

Mwaka ulioandikwa si lazima uwe mwaka wa kutengenezwa

Familia moja ya Tanga ilinionyesha singe ya Kiingereza iliyoachwa na babu yao, ambaye alikuwa askari. Kwa vizazi viwili walikuwa wakisema kwamba ni ya mwaka 1907, na kweli tarakimu hizo zilikuwapo, zimepigwa wazi kwenye msuka wa bapa. Tulipoisafisha kwa namna niliyoeleza hapo juu, mistari yote ilisomeka kwa mpangilio huu: taji, kisha herufi G.R., kisha 1907, kisha 8 na 17 yenye alama ndogo mbele yake, na chini kabisa jina la mtengenezaji, Wilkinson.

Namba 1907 katika singe hiyo ni jina la muundo. Jeshi la Uingereza liliuita kwa mwaka huo muundo wa singe yenye bapa la inchi 17, yaani karibu sentimita 43, na kila singe ya muundo huo iliyofuata ilipigwa namba 1907, hata ikiwa ilitoka kiwandani miaka kumi baadaye. Tarehe halisi ni ile 8 '17, maana yake mwezi wa Agosti 1917. Na hata kama mstari huo ungekuwa umefutika, herufi za mfalme zingetosha kuonyesha kosa, kwa sababu mwaka 1907 Uingereza ilikuwa chini ya Mfalme Edward VII, ambaye herufi zake ni E.R.; herufi G.R. ni za George V, aliyeanza kutawala mwaka 1910. Singe yenye G.R. haiwezi kuwa ya 1907. Kuna dalili nyingine ya kushika: singe za mwanzo za muundo huu zilikuwa na ndoana iliyopinda kwenye kikingamkono, na mwaka 1913 ikaamriwa kwamba ndoana hiyo isitengenezwe tena.

Upande wa pili wa singe kama hiyo huwa na mshale mpana, ambao ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, pamoja na herufi X. Wapo wanaoisoma X hiyo kama kumi ya Kirumi na kuanza kupiga hesabu. X hiyo inaonyesha kwamba bapa lilipindwa katika jaribio la kupima uimara wake na likarudi katika unyoofu wake. Haihusiani na mwaka hata kidogo.

Basi kabla ya kuamini mwaka wowote, jiulize umeandikwa kwa ajili gani. Unaweza kuwa mwaka wa muundo, kama tulivyoona. Unaweza kuwa mwaka wa kuanzishwa kampuni au wa kusajiliwa alama yake: Zwilling, kampuni ya visu ya mji wa Solingen nchini Ujerumani, kwa mfano, huringia mwaka 1731, ambao alama yake ya mapacha iliandikishwa, na mwaka huo huonekana kwenye visu vilivyotoka kiwandani juzi. Unaweza kuwa namba ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi. Au unaweza usiwe mwaka kabisa, bali namba ya modeli yenye tarakimu nne, jambo ambalo linatuleta kwenye visu vya Case.

Nukta za Case

Kampuni ya W.R. Case & Sons ya mji wa Bradford, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ndiyo shule bora kwa anayeanza kujifunza, kwa kuwa mfumo wake ni wa wazi, umedumu miaka mingi, na visu vyake vimesambaa sana. Kwa miongo mingi Case haikuandika mwaka, ila ilibadilisha maneno ya chapa, na mabadiliko hayo yanatosha kuweka kisu katika kipindi chake. Chapa yenye CASE TESTED XX ni ya kati ya 1920 na 1940. Chapa yenye CASE XX peke yake ni ya kuanzia 1940 hadi 1964. Kuanzia 1965 hadi 1969 iliongezwa U.S.A. chini yake.

Mwaka 1970 ndipo nukta zilipoingia. Chini ya maneno yaleyale zilipigwa nukta kumi, na kila mwaka uliofuata nukta moja iliondolewa: 1971 zikabaki tisa, 1972 nane, hadi 1979 ikabaki moja. Mwaka 1980 nukta zilirudi kumi na kuanza kupungua tena, lakini safari hii herufi S katika neno CASE ilichorwa kwa mikunjo mikali kama radi, ili kisu cha muongo mpya kisichanganywe na cha muongo uliopita. Hesabu ni rahisi: chukua mwaka wa kwanza wa muongo, ongeza kumi, kisha toa idadi ya nukta. Kisu chenye S ya kawaida na nukta nne ni cha 1970 kuongeza kumi kutoa nne, yaani 1976. Chenye S ya radi na nukta nne ni cha 1986.

Mwaka 1990 kampuni iliacha nukta na kuandika mwaka wenyewe kwa tarakimu. Kwa mtu wa kawaida hayo yalikuwa mepesi zaidi, ila wakusanyaji walikuwa wamezipenda nukta zao, na mwaka 1993 zikarudishwa. Hazikuanza na kumi. Zilianza na saba, kana kwamba hesabu ilikuwa ikiendelea chinichini tangu 1990. Kwa hiyo kanuni ileile inafanya kazi: nukta nne katika kipindi hiki ni 1996. Namna ya kutofautisha nukta nne za 1976 na nne za 1996 ni kuitazama herufi C, ambayo katika miaka ya 1990 ina mkia mrefu unaopita chini ya herufi zinazoifuata. Tangu 2000 kampuni imekuwa ikichanganya herufi X na nukta, na kwa visu hivyo ni bora kuwa na jedwali la kampuni mkononi kuliko kukisia. Kwa bahati njema, ni mwaka huohuo wa 1993 ambapo Case ilinunuliwa na majirani zake wa Bradford, Zippo, watengenezaji wa viberiti vya chuma, ambao nao tangu miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1980 waliandika miaka kwa nukta na mistari chini ya viberiti vyao. Anayejua kusoma kimoja hachukui muda kujifunza kingine.

Sasa turudi kwenye zile tarakimu nne. Upande wa pili wa msuka wa Case utakuta namba kama 6254, na nimekwisha kuulizwa zaidi ya mara moja kama ni tarehe. Hiyo ni namba ya muundo: 6 inaeleza kwamba mpini ni wa mfupa uliochongwa mikwaruzo, 2 inaeleza idadi ya bapa, na 54 ni umbo la kisu. Namba hiyo ina faida yake katika kukadiria umri, kwa sababu mpini usiolingana nayo unaonyesha kwamba kisu kimebadilishwa vipande, lakini haisomwi kama mwaka.

Jihadhari pia na mpito wa mwaka. Kiwanda hakitupi bapa zilizokwisha kupigwa chapa kwa sababu Januari imeingia. Huzitumia mpaka ziishe. Hivyo kisu chenye bapa mbili chaweza kuwa na nukta tano kwenye bapa moja na nne kwenye ya pili, na bado kikawa kisu halali, hakijaguswa na mtu. Katika hali hiyo mwaka wa karibuni zaidi ndio unaotawala, kwa maana kisu hakiwezi kuunganishwa kabla ya bapa yake ya mwisho kuwapo.

Wengine waandikao mwaka

Majeshi ndiyo yaliyokuwa na bidii kubwa ya kuandika tarehe, kwa sababu za hesabu na ukaguzi. Kisu cha askari wa Uswisi cha muundo wa 1961, chenye mpini wa alumini yenye mikwaruzo ya miraba na msalaba mdogo, kina tarakimu mbili kwenye msuka: 78 ni 1978, 93 ni 1993. Kilitengenezwa hadi 2008. Ndugu yake wa dukani, yule mwekundu anayefahamika duniani kote, kwa kawaida hana mwaka, na umri wake hukisiwa kwa maneno ya chapa: jina Victoria lilianza mwaka 1909, baada ya kufariki kwa mama yake Karl Elsener, mwanzilishi wa kampuni, na neno inox, yaani chuma kisichoshika kutu, likaungwa nalo mwaka 1921 kufanya Victorinox.

Jeshi la Marekani lilipenda mwaka kamili. Kisu cha kukunja cha chuma kitupu kisichoshika kutu, chenye herufi US kwenye mpini, kilichotengenezwa na Camillus ya jimbo la New York, kina mwaka wa tarakimu nne chini ya jina la kampuni. Nacho kile cha marubani kina mwezi na mwaka, kama 5-1967. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2007. Buck ya California, ambayo baadaye ilihamia Idaho, ilichukua njia nyingine: tangu 1986 iliweka alama ndogo karibu na namba ya modeli, ikianza na < kwa mwaka huo na > kwa 1987, na kuendelea hivyo kwa alama tofauti kila mwaka. Alama hizi hazina mantiki ya kuhesabika, kwa hiyo hapa hakuna njia ila jedwali.

Panga nalo limo katika habari hii. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Uingereza na Marekani vilitengeneza mapanga ya kijeshi kwa wingi, na mengi yalipigwa mwaka. La Kiingereza lina jina la kiwanda, kama Martindale wa Birmingham, mwaka, na ule mshale mpana; la Kimarekani laweza kuwa na maneno Legitimus Collins & Co. na mwaka kama 1942 au 1943. Martindale hao ndio wenye chapa ya mamba. Ila panga la mamba la dukani, lililouzwa kwa wakulima, kwa kawaida halina mwaka, na mwenye kuuza akisema kwamba ni la wakati wa vita, mwombe akuonyeshe mshale na tarakimu.

Iliyo sahihi kuliko zote, pengine, ni alama ya visu vidogo vya matunda vya Kiingereza vyenye bapa la fedha. Hivi havikupigwa chapa na mtengenezaji peke yake, bali na ofisi ya kupima fedha, ambayo ilitumia herufi moja kwa kila mwaka na kubadilisha mtindo wa herufi na umbo la ngao yake kila mzunguko ulipoisha. Ofisi ya Sheffield, iliyoanzishwa 1773, ilitumia taji kama alama ya mji hadi 1975, na ya Birmingham ilitumia nanga. Tambua mji kwanza, kisha ndipo utafute herufi, kwa maana kabla ya 1975 herufi ileile ilimaanisha miaka tofauti katika miji tofauti.

Kisu kisipokuwa na mwaka

Hapa hatutafuti mwaka mmoja, tunatafuta mipaka miwili: kabla ya lini kisingeweza kuwapo, na baada ya lini kisingeweza kutengenezwa. Jina la nchi ni msaada mkubwa. Sheria ya Uingereza ya 1887 na ya Marekani ya 1890 ziliwalazimisha watengenezaji wa nje kuonyesha asili ya bidhaa, kwa hiyo kisu cha Solingen chenye neno Germany kilichouzwa katika masoko hayo kwa kawaida si cha kabla ya wakati huo. Kikiandikwa West Germany au W. Germany, kimetoka kati ya 1949 na 1990. Kikiandikwa Occupied Japan, yaani Japani iliyo chini ya majeshi ya kigeni, hakiwezi kuvuka 1952. Visu vya Joseph Rodgers wa Sheffield vina taji katikati ya herufi za mtawala, na V.R. ni za Malkia Victoria, aliyefariki 1901.

Umbile nalo husema. Opinel, kisu cha kukunja cha Ufaransa, hana mwaka kwenye bapa, lakini asiye na pete ya kufungia shingoni kwa kawaida ni wa kabla ya 1955, mwaka ambao pete hiyo ilibuniwa. Isipokuwa saizi ndogo kabisa, ambazo hadi leo hazina pete. Na pete inayoweza kufunga kisu kikiwa kimekunjwa, si kikiwa wazi peke yake, ni ya kuanzia 2000. Ijaribu kwa kidole na utajua.

Baada ya kupata jibu, lijaribu. Chapa ya kweli ya kupigwa kwa nyundo au mashine hupigwa kabla chuma hakijakomazwa kwa moto, na sakafu ya herufi zake huwa na uchakavu uleule wa bapa zima. Ukikuta bapa limeliwa na kutu mpaka limekuwa na vishimo, lakini herufi zina kingo kali na ndani yake kunang'aa, chapa hiyo ni changa kuliko kutu. Ukikuta nukta moja iliyofutika vibaya huku zilizo jirani zikiwa salama, tia shaka, kwa kuwa katika visu vya nukta kuongeza au kupunguza moja ni kubadilisha mwaka, na kubadilisha mwaka ni kubadilisha bei.

Mwisho, andika ulichokiona kabla ya kuandika ulichokielewa. Nakili kila mstari wa chapa kwa mpangilio wake, upande gani wa msuka, nukta ngapi na ziko juu au chini ya maneno gani, pamoja na herufi ambazo hukuweza kuzisoma, ukiweka kistari mahali pake. Chini ya hapo ndipo uandike mwaka unaoukubali na sababu yako. Ile familia ya Tanga sasa ina kikaratasi ndani ya kisanduku cha singe: taji, G.R., 1907, 8 '17, Wilkinson. Na chini yake, Agosti 1917.